Aliyekula Machungwa Peke Yake

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba na jina lake nimelisahau. La mwandishi pia nimelisahau, na sijisumbui kulitafuta. Nilikipata kwa mwalimu wangu wa Kiingereza, bibi wa Kizungu aliyetufundisha chuo cha ualimu miaka ya hamsini, siasa zilipokuwa zimeanza kuchemka Unguja. Likizo ilipoanza alinipa, akaniambia nikisome, nirudi na maoni yangu. Maoni niliyorudi nayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya wanawake wa mtaa wetu wa Ng'ambo, na yeye hayakumpendeza hata kidogo.

Mama yangu alikuwa katika kikoa cha washona kofia. Baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika nyumba moja, kila mmoja na kofia yake ya viua mkononi, na mwenye zamu siku hiyo ndiye anayewalisha wenziwe. Leo kaimati, kesho mkate wa kumimina, keshokutwa muhogo wa nazi. Ndiyo kikoa hicho. Unakula zamu ya mwenzio, na zamu yako ikifika unapika mpaka jasho likutoke, maana chai ikiwa nyepesi utasemwa mpaka Idi. Kikoa chetu kilikaa zaidi nyumbani kwa mama mdogo, ndugu yake mama yangu, kwa sababu bibi alikuwa amelala pale. Bibi alipooza upande mmoja, hawezi kutoka kitandani, na kitu kimoja tu kilichobaki kumfurahisha duniani ni kusikia watu.

Mimi kushona kofia Mungu hakunijaalia. Viua vyangu vilikuwa kama matundu ya panya. Wakaona afadhali niwasomee, mikono yao ikiendelea na kazi. Nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha nawahadithia kwa Kiswahili, na palipokuwa na maneno ya baridi na theluji nikiruka.

Hadithi ilikuwa ya mji mmoja wa zama zijazo. Watu wote wa mji ule wanalala ukumbi mmoja, wanaamka kwa kengele moja, wanakula kwa pamoja, na baraza la wazee ndilo linalompangia kila mtu kazi yake na mke wake. Hakuna cha mtu. Kila kitu ni chetu. Basi akatokea mtu mmoja, fundi wa kutengeneza ukuta wa mji, akaotesha mti wa matunda nyuma ya ukuta, pahali pasipopitwa na watu, asimwambie mtu. Mti kitabuni ulikuwa wa matunda ya baridi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyala, nikaufanya mchungwa. Mchungwa ukazaa. Yule fundi akawa anakwenda kila jioni, anachuma chungwa moja, anakaa chini, analila peke yake. Akaonekana, akapelekwa mbele ya baraza.

Nilipofika hapo sindano zote zilisimama.

"Kala peke yake?" aliuliza Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ndiye aliyekiongoza kikoa, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Hapakuwa na harusi iliyopikwa kwetu bila ya yeye kuonja pilau, wala mtoto aliyeugua bila ya yeye kuja kumtazama ulimi. Nilimpenda. Nalisema mapema, msije mkadhani namleta hapa nimchafue.

"Peke yake, Bi Mkubwa," nikasema.

"Watu wana njaa, yeye anajificha na machungwa?"

"Hawana njaa. Baraza linawalisha."

"Basi roho mbaya tu hiyo. Mwenye njaa akijificha kula tutamsamehe. Aliyeshiba anajificha nini?"

Alikuwepo mke mmoja kijana, kaolewa mwaka ule, anakaa nyumba moja na mama mkwe, mawifi na watoto wa mawifi. Akasema polepole, macho kwenye kofia yake, "Labda alichoka kuonekana." Tukacheka mpaka wengine wakaangusha sindano, maana tulijua anasema nyumba gani. Mama mkwe wake alikuwa amekaa hapohapo, hakucheka.

Kutoka chumba cha ndani bibi akaita. "We mtoto!"

"Naam, bibi!"

"Mchungwa kaupanda nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Na ardhi ya nani?"

"Ya wote."

"Basi mti wake, ardhi yao. Kuna kesi gani hapo?"

Bibi alikulia shamba, upande wa Tunguu, na huko mtu anaweza kuwa na minazi yake ndani ya shamba la mtu mwingine, akaiuza na kuirithisha, na mwenye ardhi asifungue mdomo. Kwa bibi hadithi ile ilikuwa imekwisha. Kwa wengine ndiyo kwanza ilianza. Alasiri nzima tulibishana. Walikuwepo waliosema mti ukiwa wake na tunda ni lake, akitaka ale, akitaka atupe. Wengine wakasema sawa, tunda lake, lakini maji alimwagilia ya nani, na nguvu za kumwagilia alizipata kwa chakula cha nani? Mama yangu, ambaye hapendi ugomvi hata wa kuku, alisema kama angewapelekea jirani zake machungwa mawili matatu yasingefika yote haya. Nilijaribu kuwaambia kwamba mwandishi hakukusudia mambo ya miti na ardhi. Hakuna aliyenisikiliza.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa hajasema kitu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliozwa mara mbili na wazee, mara mbili akarudi, na nyumba ile aliachiwa na baba yake. Alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mtaa mzima: baada ya chakula cha mchana hufunga mlango kwa komeo, asimfungulie mtu mpaka alasiri. Hakuwa anafanya lolote. Analala tu, au anakaa. Mchana mlango wa jirani haufungwi kwetu, na watu walikuwa wakigonga kusudi.

"Mie naona mnamwonea," alisema. "Kawapa kazi yake, kawapa siku yake nzima. Kitu kimoja tu ndicho hakuwapa. Mtu hawezi kuwa na kitu kimoja kisichokuwa cha kila mtu?"

"Hawezi," alisema Bi Mkubwa. "Leo chungwa, kesho nini? Na akifa atakoshwa na nani, huo mchungwa?"

Hapo wakasema kweli, wakaguna, wakarudia sindano zao. Jioni ile, wageni walipoondoka, mama mdogo aliniomba nimsomee tena pale fundi alipokuwa amekaa chini ya mti.

Sasa nije kwenye kanga. Likizo haijesha chama cha siasa kikaingia kikoani. Sitasema chama gani wala kanga za rangi gani. Wasomaji wangu wa Unguja wanataka kujua, na wakishajua wataiacha hadithi ya mama mdogo waanze ya chama. Upande wa pili walifanya yaleyale kwa rangi nyingine. Bi Mkubwa alikuja na habari kwamba kikoa chetu kizima kimeingia, na kila mmoja ashone sare, kanga za aina moja, za kuvaa mikutanoni na mtaani. Na mwenye kuvaa kanga hizo hanunui kwa wale wengine, haendi harusi yao, haendi msiba wao. Walianza kuitikia alasiri ileile, mmoja baada ya mmoja. Mimi nilisamehewa kwa sababu ya chuo, wanafunzi wa ualimu tulikatazwa siasa.

Zamu ya kuitikia ilipomfikia mama mdogo, alisema, "Mie sitaki."

"Hutaki rangi au hutaki chama?" aliuliza Bi Mkubwa. Wengine wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Sitaki kuvishwa. Nna mama mgonjwa na kofia za kushona. Siasa fanyeni nyinyi, mie nitawapikia."

"Hatutaki mpishi. Tunataka mtu."

"Basi sitaki."

Mama yangu alimfinya kwenye paja, nilimwona. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Wengi wape, mdogo wangu. Usipowapa watachukua wenyewe." Mama mdogo akautoa mkono wa dada yake pale pajani, taratibu, akaendelea kushona.

Walimpa muda wa kufikiri. Walimtumia mtu, wakamtumia mwingine. Nilipita siku moja kwa Bi Mkubwa akanishika mkono, akaniambia, "Kile kitabu chako kimemharibu mama yako mdogo." Nilikasirika. Mama mdogo alikuwa akifunga mlango wake mchana kabla mimi sijajua kusoma. Lakini alichokuwa anafanya bila ya maneno sasa kilikuwa kimepata maneno, na watu wa kikoa waliyatumia hayohayo kumsema. Wakimwona anapita huambiana, "Yule, mwenye mchungwa." Wale waliokuwa wakimtetea yule fundi wa kitabuni wakaacha kumtetea. Hata yule mke kijana siku moja alisema kwa sauti, mama mkwe wake akisikia, kwamba baraza la wazee lilikuwa na haki.

Kisha wakamsusia.

Asiyewahi kususiwa atadhani ni jambo dogo. Hupigwi wala hutukanwi. Unasema salamu alaykum, na mwenzio anatazama ukutani kama kuna kitu kinamwendea pale. Unakwenda mferejini, waliokuwa wanacheka wananyamaza, wanakupisha hata uteke mwanzo, na kule kupishwa ndiko kunakouma. Kikoa kikahamia nyumba ya pili, mama yangu naye humo, akipita kwa mama mdogo jioni tu kumwona bibi. Tulikuwa tunawasikia wakicheka nyuma ya ukuta, na harufu ya kaimati ikiingia dirishani.

Bibi naye aliwasikia. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Mbona hawaji hapa?" aliuliza.

"Kule kuna nafasi zaidi, mama," alijibu mama mdogo.

Siku nyingine alisema wana safari, siku nyingine wana ugonjwa wa macho. Bibi alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Siku moja akasema neno lililotukalia rohoni sote mpaka mwisho. "Mie nimewakosha mama zao."

Ilikuwa kweli. Kabla hajapooza bibi ndiye aliyekuwa mkosha maiti wa mtaa ule. Aliitwa usiku na mchana, kwa tajiri na kwa masikini, na mama yake Bi Mkubwa mwenyewe alipita mikononi mwake. Tangu siku ile hakuomba dawa wala hakuomba mtu amsomee. Alitaka kujua kitu kimoja tu: siku yake ikifika watu watakuja? Alimuuliza mama, aliniuliza mimi, alimuuliza hata mwanamke wa shamba aliyepita kuuza majani ya muhogo. Kwa mama mdogo hakuuliza. Alimtazama tu.

Kitabu tulikimaliza watu watatu, mimi nasoma, mama mdogo kakaa chini ameegemea kitanda, bibi kafumba macho. Baraza la wazee linampa yule fundi hiari: ang'oe mchungwa kwa mkono wake mbele ya watu, abaki, au atoke nje ya lango na asirudi. Anatoka. Ukurasa wa mwisho anapanda mlima, hana kitu mkononi, na hageuki nyuma. Imekwisha.

"Akafika wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Kitabu hakisemi."

"Aliishi? Alikufa?"

"Hakisemi, mama mdogo."

"Basi kaandika nini huyo!" alisema kwa hasira, akainuka kwenda kutazama mchuzi. "Kutoka langoni kila mtu anajua kutoka."

Nilirudi chuoni na kitabu cha watu. Mwalimu aliniuliza nimeonaje, nikamwambia kwetu wamegawanyika. Hakuelewa watu wanawezaje kugawanyika, yule mtu ni shujaa, mambo yako wazi. Nikamwambia wanawake wa kwetu wanauliza akifa ataoshwa na nani. Akacheka kwa uzuri, akasema swali hilo halimo kitabuni. Nikamwambia ndiyo maana wanaliuliza. Aliandika kitu pembeni mwa insha niliyomwandikia juu ya kitabu, kuhusu kutoka nje ya mada, na sikumlaumu, kwani yeye nyumbani hakuwa na bibi anayehesabu pumzi zake.

Bibi alipoanza kukataa uji niliitwa nyumbani, nikaenda kwa Bi Mkubwa bila ya kumwambia mtu. Alinipokea vizuri, akaniketisha, akanimiminia chai. Nilimwambia bibi anakwenda, na anachotaka ni kuzikwa na watu. Machozi yalimtoka. Alilia kweli, si ya kuigiza.

"Bibi yako ni mama yangu," alisema. "Lakini mwanangu, nikimwachia mmoja leo, kesho nani atavaa? Aje mwenyewe. Simtaki apige magoti. Avae kanga aje akae nasi alasiri moja tu, mambo yaishe."

Nikamrudia mama mdogo na maneno hayo. Alikuwa anamgeuza bibi ubavu, kazi aliyoifanya peke yake kutwa kucha bila ya msaada tangu kikoa kiondoke. Mama yangu alikuwepo, na kanga za sare alikuwa kazileta kabisa, mpya, kazikunja kwenye kapu. Alimsihi. Alimwambia zivae kwa ajili ya mama, ukishamzika zitupe chooni ukitaka.

Mama mdogo alizitazama kanga zile kwa muda mrefu. Aliitoa moja akaifunua, akaikunja tena vizuri zaidi ya ilivyokuwa. "Siwezi," alisema. Hakusema sitaki safari hii. "Dada, wallahi siwezi. Mkono haunyanyuki." Akaanza kulia, na mama akalia, na mimi nimesimama katikati yao na elimu yangu ya ualimu. Nilimwona ana haki. Nilimwona mama ana haki. Hata Bi Mkubwa, nilipokuwa nikinywa chai yake, nilimwona ana haki, na hilo lilinitia uchungu kuliko yote.

Bibi alifariki asubuhi, jua limeshapanda. Jambo la mwisho alilouliza lilikuwa lilelile, na mama alimjibu watakuja, mama, watakuja wote. Alisema hivyo huku hajui.

Wanaume sikuwa na hofu nao. Wa msikiti wetu walikuwa bado wanamwogopa Mungu kuliko chama, na wakisikia tangazo watakuja na jeneza. Lakini mwanaume hamkoshi mwanamke, wala hakai na wafiwa ndani. Jamaa zetu wa Makunduchi wasingewahi kabla ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa na wanawake watatu na maiti mmoja. Tukangoja. Mtaa ulikuwa kimya, milango wazi, hakuna kichwa kilichotokeza. Mama mdogo akajifunga kibwebwe akaanza kuteka maji, ndoo baada ya ndoo, akiyapanga uani. Alisema, "Kama hawaji nitamkosha mwenyewe. Kanifundisha." Lakini yale maji alikuwa anayamwaga njiani.

Halafu tukasikia kishindo cha masufuria.

Walikuwa wanakuja kwa kichochoro, Bi Mkubwa mbele, kikoa kizima nyuma yake, na masufuria makubwa ya shughuli vichwani, na mikeka, na kuni, na ubani. Walikuja wote. Hata waliokuwa wagonjwa walikuja. Kilio walichokipiga mlangoni kwetu nimehudhuria misiba mingi sijakisikia tena. Mama yangu aliwaangukia. Na mimi nililia kwa furaha, siku ya msiba, Mungu anisamehe, kwa sababu bibi alikuwa amepata watu wake.

Bi Mkubwa alipita mpaka uani. Mama mdogo alikuwa amesimama pale na ndoo. Bi Mkubwa aliichukua ndoo mkononi mwake kama mtu anayetungua ndoo msumarini, bila ya kumtazama usoni, akaingia nayo ndani.

Walimkosha bibi kwa mapenzi. Nilikuwepo. Bi Mkubwa alizungumza naye muda wote, "Geuka mama yangu, geuka, hivyo, tumemaliza upande huu," kama anamkosha mtu anayesikia. Walikizunguka kitanda bega kwa bega. Mama walimfanyia nafasi, nami walinipa karai nishike. Mama mdogo alisimama kizingitini. Hawakumsukuma, hawakumwambia toka. Hapakuwa na mwanya tu. Alisogea upande mmoja, bega likasogea. Akasogea wa pili, bega likasogea. Mama yake alikoshwa akavishwa sanda naye anaona migongo.

Walipika, wakalisha watu wa shamba na watu wa mji. Walisoma yasini. Siku zote za matanga walilala kwetu chini kwenye mikeka, wakawabembeleza watoto wa wageni, wakafagia, wakateka maji. Mama mdogo alikaa pembeni ya jamvi kwenye nyumba yake mwenyewe, na sahani ya chakula ilipopitishwa ilifika kwangu, mimi ndiye niliyemkatia sehemu. Hitma iliposomwa na watu wakaanza kuaga, walipanga mstari kama desturi, kila mmoja akipa mkono wafiwa. "Mungu akupeni subira." Kwa mama. "Mungu akupeni subira." Kwangu. Kwa shangazi wa Makunduchi. Mama mdogo alikuwa kati yangu na shangazi. Mkono wake aliutoa kwa kila mmoja, na kila mmoja aliuruka. Yule mke kijana peke yake alisita. Mkono wake ulianza kunyanyuka, akamwona mama mkwe wake, akautumia kujitengenezea mtandio.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Watu wamekosha, wamelia, wamepika, wamelala sakafuni kwa ajili yetu. Nimshitaki nani, na kosa niliite nini? Hata mama mdogo mwenyewe alikuwa akirudia, kwa kila mkono uliomruka, "Ahsanteni. Ahsanteni. Mungu akulipeni." Na alikuwa anasema kweli. Aliwashukuru kwa moyo wake wote, na naamini hapo ndipo walipommaliza.

Yakabaki masufuria. Yalikuwa mali ya kikoa, yakitoka msiba kwenda harusi na harusi kwenda msiba, na desturi ni nyumba iliyoyatumia iyarudishe masafi. Mama mdogo hakukubali mtu amsaidie. Aliinamia kazi ile asubuhi nzima uani, kwa mchanga, kwa majivu, kwa kumbi la nazi, akatoa hata masizi ya zamani ambayo si yetu, mpaka vidole vikamchubuka. Alipomaliza yaling'aa kuliko siku yaliponunuliwa. Tukaita hamali mwenye mkokoteni, mama mdogo akanituma niyapeleke kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa uani kwake. Hamali aliyashusha, yeye akaja akainama, akatazama ndani ya lile kubwa. "Mashaallah," alisema. Kisha akaniuliza, "Nani kayakosha?"

"Mama mdogo."

Halafu akawaita mabinti zake. "Haya, yakosheni masufuria."

"Yashakoshwa, Bi Mkubwa," nikasema. Nilidhani hakunisikia.

"Naona, mwanangu," alinijibu kwa upole kabisa. "Yakosheni."

Mabinti wakaleta maji. Bi Mkubwa akaniuliza mama yangu analala vizuri, akanifungia visheti kwenye kitambaa nimpelekee. Nikasema ahsante, nikavichukua. Nyuma yangu nilisikia mchanga unasugua bati.

Mama mdogo alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono yake kaitia mafuta ya nazi na kaikunjua isiguse kitu. Ilikuwa mchana, wakati wake wa komeo, na mlango alikuwa ameuacha wazi wote.

"Kasemaje?" aliniuliza.

Nikasema, "Kasema Mashaallah."

Akacheka, kicheko kidogo, cha mwanzo tangu mambo ya kanga yaanze. "Atasema nini?" alisema. "Usafi wangu anaujua."